Hataza ya Majina Mawili

Ornella Zanatta aliliona jina la Glenys ukutani siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, akiwa bado hajavua koti. Cheti kilikuwa ndani ya fremu nyeusi, kimetundikwa kwenye korido ya maabara kati ya kizima moto na mlango wa choo. Kilieleza kwa maneno marefu ya kisheria kwamba serikali ya Australia imetoa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, kwa njia mpya ya kulaza kitambaa cha nyuzi za kaboni ndani ya kalibu ya rimu ya gari, na kwamba wavumbuzi wa njia hiyo ni watu wawili: Daktari Tharindu Wijeratne na Bi Glenys Hartigan. Ornella alisoma mara ya kwanza haraka haraka. Mara ya pili polepole. Mara ya tatu akafuata mistari kwa kidole, kana kwamba jina lake lilibanwa mahali fulani likashindwa kutoka. Halikuwemo.

Akavaa ovaroli, akaingia chumba cha kukatia. Glenys alikuwa ameshafika, na kahawa ya Ornella ilikuwa mezani kama kila Jumatatu.

"Umepita korido?" Glenys akauliza, uso umemnawiri.

"Nimepita."

"Wameiweka mlangoni pa choo. Wangekuwa na adabu wangetutafutia ukuta mwingine."

"Wangekutafutia," Ornella akasema. "Mimi sina changu pale."

Glenys akacheka, akidhani ni utani. Ornella hakuigusa ile kahawa. Aliiacha mpaka ikafanya utando juu, kisha akaibeba, akaimwaga kwenye sinki mbele ya mwenzake, akarudi kwenye mkasi wake.

Walikuwa wamejuana miaka ishirini na sita. Ishirini na mmoja kati ya hiyo walikaa cherehani kwa cherehani kwenye karakana ya kushona kava za viti, upande wa kaskazini wa Geelong, wakikishonea kiwanda kikubwa cha magari ambacho nusu ya mji ulikula kwa mgongo wake. Ornella alikuwa mikono, Glenys alikuwa mdomo. Kitambaa kikimshinda mtu, aliitwa Ornella. Msimamizi akizidi ukali, alitangulizwa Glenys. Mambo yalikwenda hivyo na kila mmoja aliridhika na fungu lake, au Ornella alidhani ameridhika. Siku kiwanda kilipotangaza kwamba kinafunga, Glenys ndiye aliyesimama juu ya kreti akazungumza na waandishi wa habari. Ornella alibaki amekaa, akamalizia kushona kiti cha nyuma cha gari ambalo huenda lisingeuzwa, kwa sababu hakupenda kuacha mshono katikati.

Chuo kikuu, huko Waurn Ponds, upande wa pili wa mji, kilikuwa na maabara ya nyuzi za kaboni. Watafiti wake walijua kila jambo kuhusu uzi mmoja: unavutika kiasi gani, unakatika kwa uzito upi, unapikwa kwa joto lipi. Walichokuwa hawakijui ni namna ya kukishika kitambaa kikatii. Wakatangaza nafasi ya fundi wa kukata, na Ornella akaenda.

Aliyemsaili ni Tharindu, kijana mwembamba aliyezaliwa Kandy, mwenye tabia ya kusema samahani hata kwa meza aliyoigonga. Alimpa mkasi na kipande cha kitambaa cheusi kinachong'aa, akamwomba akate duara.

Ornella alikata. Tharindu akaligeuza duara lile huku na huku, akaliweka juu ya kioo chenye taa.

"Hakuna uzi uliochomoka," akasema.

"Kwa nini uchomoke?"

"Zetu huchomoka kila siku, Bi Zanatta."

"Niite Ornella. Na ubadilishe mkasi, huu ni wa kukatia karatasi."

Alianza kazi wiki iliyofuata. Miezi sita baadaye akamvuta Glenys, ambaye wakati huo alikuwa akipanga makopo kwenye rafu za duka kubwa na kusema kwamba kila kopo linamtazama vibaya. Ni Ornella aliyemwombea nafasi. Jambo hilo alilikumbuka mara nyingi baadaye, na kila alipolikumbuka lilimchoma upya.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza rimu ya gari bila chuma wala alumini, kwa kitambaa na gundi tu. Unapanga matabaka ya kitambaa ndani ya kalibu, unaifunga, unasukuma gundi ya maji ipenye kila uzi, unaipika, inatoka rimu nyeusi yenye uzito wa nusu ya ile ya kawaida. Gari lenye rimu nyepesi hukimbia vizuri na husimama upesi. Tatizo ni kwamba zilivunjika. Tharindu alikuwa ameshavunja thelathini na moja kwenye mashine ya majaribio. Kila moja aliikata kwa msumeno na kuipiga eksirei, na kila moja ilionyesha ufa ulioanzia palepale, mahali spoku inapoungana na duara. Kitambaa kilikunjamana hapo. Kunyanzi moja jembamba kama unywele lilitosha.

Siku moja ya Machi, Tharindu akiwa Melbourne kwenye mkutano, Ornella alichoka kuyatazama makunyanzi yale yale. Akakigeuza kitambaa mshazari, kama unavyokigeuza unapokata sketi unayotaka imwangukie mtu vizuri nyongani, akakiondolea vipande vitatu vya umbo la jani pembeni, akakilaza kwenye kalibu. Kikalala. Hakukuwa na kunyanzi hata la kutafuta kwa kucha. Kazi nzima haikuchukua dakika tano. Akaenda kunawa mikono.

Aliporudi alimkuta Glenys ameinamia kalibu.

"Umefanyaje?"

"Nimekigeuza."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha, Glenys. Kitambaa chenyewe kinakwambia."

"Hakijaniambia kitu mimi. Rudia nione."

Ornella akarudia, kwa hisani tu. Glenys akaleta kipimapembe na daftari. Kwa siku tisa alikata kitambaa hicho kwa pembe moja baada ya nyingine, akaandika ni ipi ilikunjamana na ipi haikukunjamana, akabadilisha ukubwa wa yale majani matatu, akaandika tena. Ornella alikuwa akimpitia na kumtania kwamba anampima maiti urefu. Tharindu aliporudi akalikuta daftari, akalisoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti akakaa.

Kukawa na mkutano na watu wa ofisi ya utafiti ya chuo.

"Twende," Glenys akamwambia. "Ni wazo lako."

"Nenda wewe mwenye mdomo. Mimi nina kazi."

Alilisema kwa fahari, kama alivyolisema miaka yote ishirini na mmoja. Mlango wa chumba cha mkutano ukafungwa, na kupitia kioo Ornella alimwona mwenzake akichora ubaoni, na watu wenye mashati yaliyopigwa pasi wakiandika anachosema.

Sasa hataza ilikuwa ukutani. Tangu Jumatatu ile Ornella akaanza kwenda kazini na gari lake mwenyewe, ingawa nyumba zao pale Norlane zilitenganishwa na mitaa miwili tu na kwa miaka yote walikwenda pamoja. Alisema ana mizunguko ya sokoni. Glenys aliamini kwa wiki moja, kisha akaacha kuuliza.

Mambo yalikwenda mbio mwaka ule. Kutokana na hataza ile na nyingine mbili za mambo ya gundi, chuo kilisaidia kuzaliwa kwa kampuni ndogo. Kwanza ilikaa kwenye kona ya maabara, nyuma ya pazia la plastiki, ikitumia tanuri la chuo siku za Ijumaa. Baadaye ikahamia kwenye jengo la bati ng'ambo ya barabara. Wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu kuhusu joto la gundi wakawa wakuu wa matanuri. Mashine ambayo maabara ilikuwa na moja, kampuni iliagiza nne, kubwa zaidi. Watengenezaji wa magari ya mbio huko Ulaya wakaleta oda ya kwanza, kisha ya pili, na watu wa Geelong waliorudishwa nyumbani kiwanda cha magari kilipofungwa wakaanza kuitwa kazini, kwanza mmoja mmoja, baadaye kumi kumi. Chumba cha kukatia cha kiwanda kipya kilihitaji mkuu. Wakamchukua Glenys.

"Wangeniuliza mimi ningekataa," Ornella alimwambia mumewe, Renzo, jikoni kwao.

Renzo alikuwa seremala mstaafu, mtu wa maneno machache. "Basi hakuna shida."

"Ipo. Nilitaka niulizwe, halafu nikatae."

Gazeti la mji likachapisha picha. Glenys ameinua rimu kwa kidole kimoja, kichwa kikiwa upande, na chini yake imeandikwa kwamba mshonaji wa zamani wa viti ndiye aliyefumbua kitendawili kilichowashinda wahandisi. Ornella aliukunja ukurasa ule akauweka chini ya boksi la mkate. Alikuwa akiutoa asubuhi Renzo akiwa bafuni, anausoma, anaurudisha. Aliujua kwa moyo. Siku moja maabara ilipokuwa tupu alijaribu naye kuinua rimu kwa kidole kimoja, na ilipoinuka alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akaona mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akaiweka chini.

Buchani mwuza nyama akamwuliza, "Wewe si yule rafiki yake Glenys, wa kwenye gazeti?"

"Nilikuwa," akajibu, na mwuza nyama akadhani hakusikia vizuri.

Februari ikafika, na siku ya nyanya. Kila mwaka familia ya Zanatta hununua makreti ya nyanya, hufungua gereji, na watu husaga, huchemsha na kujaza chupa za kutosha mwaka mzima. Glenys hakuwa Mwitaliano, lakini kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa akifunga vizibo. Mwaka ule Ornella hakumwita. Mchana Renzo alisimama na chupa mkononi, akatazama kile kiti kitupu karibu na sufuria.

"Nani anafunga vizibo?"

"Funga wewe."

Renzo akafunga, na nusu yake vilivuja.

Juni ilipoingia na baridi yake, kiwanda kipya kikaanza kuumwa. Rimu moja kati ya tano ilikataliwa kwenye eksirei. Makunyanzi yalikuwa yamerudi, palepale kwenye spoku, ingawa kitambaa kilikatwa kwa pembe ileile iliyoandikwa kwenye hataza. Glenys alibadilisha visu. Akabadilisha watu. Akarudia vipimo vyote vya daftari lake na vikatoka sawasawa, na rimu zikaendelea kukunjamana. Mwishowe alivuka barabara, akaja maabara, akamwekea Ornella kipande kibovu mezani.

Walikuwa hawajakaa chumba kimoja kwa miezi minne. Glenys alikuwa amepungua, na mkononi alishika simu iliyokuwa ikitetemeka kila baada ya muda.

"Hebu shika," akasema. "Niambie unaona nini."

Ornella akakishika. Hata kabla ya kukigeuza, vidole vyake vilishajua. Tabaka la juu lilikuwa limeng'ang'ania la chini mapema mno, likakataa kuteleza. Kule kwenye viti, walipokuwa wakishona kwa kitambaa cha manyoya, majora yaliyotoka kwenye lori asubuhi za baridi hayakukatwa siku hiyo. Yalifunguliwa yakaachwa yapumzike mpaka kesho yake. Glenys hakuwa akiyapokea majora, kazi hiyo ilikuwa ya Ornella.

"Mnayahifadhi wapi majora?" akauliza.

"Ghala la nyuma. La bati."

"Na mnakata saa ngapi?"

"Yakiingia tu. Hatuna nafasi ya kuyaweka. Kwa nini?"

Ornella alikitazama kile kipande. Angeweza kusema kwa sentensi moja. Badala yake akakisukuma taratibu mpaka kwenye ukingo wa meza upande wa Glenys.

"Sijui. Wewe ndiye mwenye cheti."

Glenys alisimama kidogo kama mtu anayengoja mwenzake aongeze neno. Kisha akachukua kipande chake, akashukuru, akatoka. Siku nzima ile Ornella alikata kitambaa akiimba kimoyomoyo. Raha hiyo ilidumu mpaka Ijumaa.

Ijumaa alikutana na Faye Dunstan kwenye foleni ya mkate. Faye alikuwa akishona viegemeo vya kichwa enzi zile, mjane mwenye magoti mabovu, na ajira ya kiwanda kipya ilimfanya apake tena rangi ya mdomo. Siku hiyo hakuwa amepaka.

"Wametuambia tukae nyumbani," Faye akasema. "Watu kumi na wawili. Mpaka wajue kinachoharibu. Glenys alitusomea majina mwenyewe, hakutuma mtu. Alilia, masikini."

"Alilia?"

"Mbele ya wote. Wewe hujamwona? Si mko pamoja siku zote?"

Ornella alinunua mkate wa aina asiyokula mtu nyumbani kwake. Jioni, wakati wa chakula, alimweleza Renzo habari za Faye, na kwamba kiwanda cha Glenys kimekwama kwa jambo dogo ambalo mtoto wa cherehani angeliona. Alilieleza kwa tambo, akionyesha kwa leso ya mezani jinsi tabaka linavyong'ang'ania.

Renzo akaweka uma. "Kwa hiyo unajua."

"Najua."

"Amekuuliza?"

"Ameniuliza."

"Na wewe?"

Ornella akaikunja leso. "Wakati wa kuandika majina hakuna aliyenitafuta. Wakati wa kuharibikiwa ndipo wanaijua njia ya kwangu."

"Faye ameandika jina gani, na wapi?" Renzo akauliza, akaendelea kula. Hakurudi tena kwenye habari hiyo, si jioni ile wala siku iliyofuata, na Ornella angependa zaidi wagombane.

Jumatatu alikwenda kwa Tharindu. Hakwenda kwa Glenys. Kufika kwa Glenys kulimshinda.

"Najua kwa nini zinakunjamana," akasema mlangoni. "Lakini safari hii liandikwe. Tarehe, na jina langu."

Tharindu hakushangaa. Akafungua daftari jipya, akaandika tarehe, akaandika Ornella Zanatta, akamgeuzia aone kama herufi za jina ziko sawa. Kisha akasikiliza habari yote ya majora na kitambaa cha manyoya.

"Maabara yetu ina joto moja mwaka mzima," akasema taratibu, akiwaza. "Majora yanalala humu humu. Ndiyo maana hatukuwahi kuliona. Kule jora linatoka kwenye baridi linafunguliwa kwenye chumba cha joto. Samahani, ni jambo tulilopaswa kulijua sisi."

"Basi waambie wayafungue, yalale siku moja."

"Tutajaribu kwanza."

"Ujaribu nini? Nimefanya miaka ishirini na mmoja."

"Ndiyo. Tutajaribu njia tatu. Kukata palepale, kulifungua likapumzika, na kulipumzisha likiwa bado ndani ya plastiki yake."

"Hiyo ya tatu hakuna fundi anayeifanya."

"Kama hakuna, itashindwa, na utanicheka."

Zikapita wiki tatu. Walikodi jokofu la muuza maua, wakapoza majora, wakakata vipande mia moja na themanini, na Ornella akalaza kila kimoja kwa mikono yake bila kuambiwa kimetoka kwenye jora la njia ipi. Tharindu alisisitiza hivyo, mikono yake isije ikaipendelea njia yake. Jambo hilo lilimuudhi, na baadaye likamfurahisha kwa namna ambayo hakutaka kuionyesha. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuona kwamba mikono yake ina nguvu za kutosha kuharibu hesabu.

Matokeo yalipotoka, Tharindu aliyachora ubaoni. Vipande vilivyokatwa palepale vilikunjamana. Vilivyofunguliwa vikapumzika vilikunjamana zaidi kuliko vyote. Vilivyopumzika ndani ya plastiki vililala kama shuka.

Ornella aliitazama ile safu ya katikati kwa muda mrefu. "Njia yangu ndiyo mbaya kuliko zote."

"Sababu yako ni ya kweli. Dawa ndiyo siyo," Tharindu akasema. "Jora la baridi ukilifungua kwenye joto linatoka jasho."

"Kama chupa ya bia."

"Hasa. Kitambaa cha viti hakidhuriki. Hiki chetu kina unga wa gundi juu yake. Ukipata unyevu unashika kabla ya wakati wake, matabaka hayatelezi. Plastiki inauzuia unyevu mpaka jora lipate joto la chumba."

Mara moja akili ya Ornella ikakimbilia kwenye kitulizo. Kama angemwambia Glenys siku ile, Glenys angeyafungua majora, na mambo yangeharibika zaidi. Kwa hiyo kunyamaza kwake kulisaidia. Aliizungusha hoja hiyo kichwani njia nzima ya kuvuka barabara, na alipofika mlangoni pa kiwanda ilikuwa imeshakufa. Angesema siku ile, majaribio yangeanza siku ile. Faye angekaa nyumbani siku pungufu, au asingekaa kabisa.

Tharindu alieleza matokeo mbele ya wakuu wa kiwanda. Alimtaja Ornella mara nne. Mkutano ulipoisha Glenys alimwomba Ornella abaki. Nyuma ya kioo wakataji walikuwa wamesimama kwenye meza zao, nusu yake tupu.

"Nilipokuja na kile kipande," Glenys akasema, "ulijua?"

"Nilijua nusu."

"Ukanipa nusu ya nini?"

Ornella akageukia kioo, akatazama zile meza tupu.

"Nilisoma majina kumi na mawili, Ornella. Kwa mdomo huu. Unisikilize vizuri, mimi ningekusamehe ukinichukia. Lakini Faye?"

"Ningesema nini? Kila mahali ni Glenys, Glenys. Ule mshazari ulikuwa wangu."

"Ulikuwa wako. Nilikwambia twende."

"Mara moja."

Glenys akavuta kiti, hakukikalia, akashika mgongo wake kwa mikono yote miwili.

"Mara moja," akakubali. "Siku ya pili walipoita sikukwambia. Wala ya tatu. Wakiniuliza nani mwingine, nilisema tulikuwa tunafanya kazi pamoja, nikaishia hapo. Unataka ukweli? Nilipenda kuwa peke yangu mle ndani. Miaka yote wewe ndiye fundi, mimi ni domo kaya. Nikakuonea wivu tangu karakana ya viti. Kila mtu akija alikuwa anakuja kwako."

Ornella alimtazama. Hilo hakuwa amelitarajia. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kuwaza kwamba mtu mwenye sauti kama ile anaweza kutaka kitu alicho nacho yeye. Alitafuta neno la kumchoma, akaliona, akaliacha.

"Ungeniambia," akasema.

"Na wewe ungeniambia."

Hawakukumbatiana. Glenys alichukua simu yake, akaanza kuwapigia wale kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, na Ornella akakaa pale akasikiliza simu zote, kwa sababu aliona hilo angalau anapaswa kulifanya. Faye alikuwa wa saba. Akauliza kama ni kweli, kisha akauliza tena.

Kiwanda kikajenga chumba kipya cha kupumzishia majora, chenye joto la kudumu, na rimu mbovu zikapungua mpaka zikabaki chache za kawaida. Mwaka uliofuata kilikuwa na watu mia mbili na kumi. Ripoti ya majaribio ilichapishwa kwenye jarida la kitaaluma, majina matano, la Ornella likiwa la pili. Hataza ya kwanza haikubadilishwa. Glenys alijitolea kuandika barua ili jina liongezwe. Wanasheria wa chuo wakasema linawezekana lakini litachukua muda, na Ornella, baada ya kulitafakari, aliwaambia waanze. Bado wanaendelea.

Glenys pia alitaka kumpa kazi. Alikuja nayo nyumbani, akaieleza akiwa amesimama kwenye varanda: naibu mkuu wa chumba cha kukatia, zamu za mchana tu.

"Chini yako?" Ornella akauliza.

"Ndiyo, chini yangu."

"Siwezi, Glenys. Nitakuonea wivu kuanzia asubuhi mpaka jioni."

"Basi baki ng'ambo ya barabara, unionee kwa mbali."

Walicheka wote wawili, ingawa si sana. Ornella akabaki maabara. Siku za Alhamisi chuo humpa wanafunzi wa uhandisi, vijana wanaoweza kukokotoa chochote lakini wanashika mkasi kama kijiko, naye huwafundisha kukata. Kiwanda nacho humletea wakataji wake wapya kwa wiki mbili mbili, na katika barua za kuwaleta Glenys huandika, kwa mkono wake, wampe Bi Zanatta heshima yake la sivyo watarudishwa.

Wivu haujamwisha. Glenys alipopelekwa Ujerumani kuwaonyesha watengenezaji wa magari namna kazi inavyofanyika, Ornella alikata vibaya vipande viwili siku hiyo hiyo, na Tharindu akajua asimwulize. Glenys alimletea kutoka huko zawadi ya mkasi, mzito, wa chuma kizuri, ndani ya boksi lenye kitambaa cha bluu. Ornella aliujaribu kwenye kona ya kitambaa kibovu. Ulikuwa mzuri kuliko wake. Akamwambia Glenys kwamba unafaa kidogo, akaufungia kabatini, na Alhamisi iliyofuata akautoa akautumia mbele ya wanafunzi.

Februari iliyofuata alimwita Glenys kwenye siku ya nyanya. Glenys alikuja amechelewa, akitokea kiwandani, akakuta Faye ameshakikalia kile kiti karibu na sufuria na anafunga vizibo. Akatafuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake, akaanza kuosha chupa.